Tagi kwenye mitungi ya maziwa, Molo hadi Nakuru: shajara ya mradi

11 Januari 2025. Hesabu

Naandika haya kwa yeyote mwenye chama cha maziwa, duka la gesi au biashara yoyote ambayo chombo kikitoka kinasahau njia ya kurudi. Mimi ni karani wa stoo katika chama cha wafugaji upande wa Molo, Kenya. Maziwa hutufikia asubuhi kwa pikapu tatu, yanapimwa, yanaingia kwenye tangi la kupozea. Mengi huchukuliwa na lori la kiwanda. Yanayobaki huteremka Nakuru kwa mitungi, kwa wenye ATM za maziwa (mashine za kuuzia maziwa) na mahoteli. Hiyo mitungi ndiyo ugonjwa wetu.

Daftari linasema tuna mitungi 212 ya alumini, ya lita 50. Leo tumefunga geti, tumehesabu kila kilichopo, nikapigia simu madereva na vituo vyote vya kukusanyia. Imeonekana 171. Mtungi wa mwisho tuliununua shilingi 11,500, kwa hiyo 41 iliyopotea ni shilingi 471,500. Mwenyekiti aliitazama hesabu, akavua kofia, akaivaa tena.

Si kwamba hatukujaribu kitu. Tulipaka rangi ya kijani shingoni, kumbe kila chama huku kinapenda kijani. Mwaka juzi tulibandika stika za barkodi. Kisomaji cha barkodi lazima kione mistari, na mtungi uliopanda pikapu asubuhi ya mvua hauonyeshi mistari yoyote, unaonyesha matope. RFID, yaani utambuzi kwa mawimbi ya redio, haihitaji kuona. Kisomaji kinarusha mawimbi ya redio, tagi, kipande kidogo chenye chipu na antena lakini bila betri, inajilisha kwa mawimbi hayohayo na kurudisha namba yake. Mwenyekiti amekubali kwa sharti moja: "Isiwe kama ile ya stika."

8 Februari. Kisomaji kimefika

Nimenunua mtandaoni, kutoka China, kisomaji cha mkononi cha UHF (masafa ya juu ya redio) pamoja na tagi 300 za karatasi za kubandika. Kisomaji shilingi 58,000, usafiri na ushuru 9,400, tagi shilingi 14 kila moja. Ukiagiza, ulizia mapema habari ya kibali: vifaa vya redio vinavyoingia Kenya huidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na muuzaji wa mbali hana haja ya kukukumbusha.

Kwa nini UHF? Tagi za masikio ya ng'ombe ni za kilohezi 134.2. Hazisumbuliwi sana na mwili wala maji, lakini ni lazima umkaribie ng'ombe. Kadi nyingi za kufungulia milango ni za megahezi 13.56, nazo ni za kugusisha. UHF, kati ya megahezi 860 na 960, husoma kutoka mita kadhaa, tena vitu vingi kwa mpigo mmoja. Nilitaka huo mpigo.

Ofisini nilibandika tagi kwenye kiti cha plastiki nikaisoma kutoka mlangoni, mita tano. Nikaita watu waje waone. Nikabandika nyingine kwenye mtungi mtupu, nikasogea mita tatu, mbili, moja, mpaka kisomaji kikagonga alumini. Kimya. Watu wakarudi kazini.

23 Februari. Alumini na patapata

Wiki mbili zimeliwa na kosa moja. Nilidhani adui ni maziwa. Kila nilichosoma kilisema maji hunyonya mawimbi ya UHF, basi nikawa napima mtungi ukiwa mtupu, ukiwa nusu, ukiwa umejaa, naandika kwenye jedwali, na majibu yote ni sifuri. Ilinichukua muda kukubali jambo lililo wazi: maziwa yako ndani ya alumini na tagi iko nje. Mawimbi hayafiki kwenye maziwa kabisa. Shida ni alumini yenyewe. Wimbi likigonga chuma hurudishwa likiwa limegeuzwa, na pale juu ya uso wa chuma linalokuja na linalorudi yanafutana. Tagi iliyolala hapo inakufa njaa.

Mwenye vyombo vya plastiki atakutana na kinyume chake. Nilibandika tagi kwenye kopo la mkulima mmoja, plastiki, lita 10. Likiwa tupu lilisomeka mita nne. Lilipojaa halikusomeka hata nilipoligusa kwa kisomaji. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, jiulize chombo chako ni cha nini. Kilichomo ndani kinakuja baadaye. Nilijifariji kidogo kukumbuka kwamba Walmart ya Marekani ilipowaambia wauzaji wake wakubwa 100, mwaka 2003, waweke tagi kwenye katoni na paleti kufikia Januari 2005, vinywaji na makopo ya chuma ndivyo vilivyowatoa jasho. Wao walikuwa na wahandisi. Mimi nilikuwa na patapata, hizi ndala za mpira.

Dawa ni kuinua tagi isilale juu ya chuma. Nilikata patapata kuukuu vipande vya sentimita 10 kwa 4, unene karibu sentimita moja, nikabandika tagi juu, kipande nikakigundisha kwenye mtungi. Ikasomeka mita moja na nusu. Vijana wa stoo wakaniletea patapata za nyumbani kwao, nyingine hazijazeeka. Nimeweka kwenye mitungi 60.

16 Machi. Karai

Mama anayeosha mitungi amenikuta nikinywa chai. "Mwanangu," akasema, "njoo uone vitu vyako vinaogelea."

Kwenye karai kulikuwa na vipande vya patapata kama thelathini, vya buluu, vya waridi, vya kijani, vimelala chali, na tagi zimechubuka kama ganda la kitunguu. Maji ya moto, sabuni na brashi mara mbili kwa siku. Gundi niliyotumia ni ile ya kubandika soli za viatu, na joto huilainisha. Nikamwuliza mama kama anaweza kupitisha brashi taratibu pale kwenye tagi. Akanitazama. "Mtungi ukibaki na harufu, maziwa yakikataliwa na mpimaji, utamweleza wewe?"

Ana haki. Kifaa kitakachomlazimu abadili namna ya kuosha hakifai hata kama kinasomeka maili moja. Nimeandika hilo ukutani. Nimejaribu pia gundi ya epoksi ya vichupa viwili kwenye mitungi mitano. Ilishika alumini vizuri sana ikaachia patapata. Tagi za karatasi basi. Gharama ya somo hili: tagi 4,200, gundi na kadhalika 2,350.

(Mitungi ya alumini usiioshe kwa kostiki soda, inaila.)

6 Aprili. Tagi za chuma, na namba pacha

Kuna tagi zilizoundwa kwa ajili ya chuma. Ndani zina tabaka linaloitenga antena na uso, na nyingine hutumia hicho chuma kama sehemu ya antena yao, kwa hiyo zikikaa hewani husomeka vibaya kuliko zikikaa mtunguni. Nimeagiza 200 za gamba gumu la plastiki lenye matundu mawili ya ribiti, shilingi 240 moja, jumla 48,000. Ukizilinganisha na zile za shilingi 14 moyo unauma.

Nilizifungua, nikasoma kasha zima. Kisomaji kikasema: tagi 1.

Nikazima, nikawasha. Tagi 1. Nikatoa nusu ya kasha nje. Tagi 1. Nikashika tagi mbili mkononi, moja kila mkono, nikasoma kila moja peke yake, na zote mbili zikanipa namba ileile, sifuri nyingi na tarakimu chache mwishoni. Muuzaji hakuwa ameziandika. Tagi ya kiwango cha Gen2, ambacho ndicho cha tagi za UHF, ina sehemu ya namba ya bidhaa, kwa kawaida biti 96, ambayo wewe mwenyewe unaweza kuiandika, na mara nyingi ina namba nyingine iliyochomwa na kiwanda cha chipu, isiyobadilika. Programu yangu ilikuwa inaangalia ya kwanza tu.

Marekebisho yamechukua jioni mbili. Unaweka tagi moja mezani, zilizobaki unazipeleka chumba kingine ndani ya debe la chuma lenye mfuniko (nilipoziacha karibu niliandika namba moja kwenye tagi nne), unaandika, unasoma tena kuhakiki, unafunga kwa neno la siri. Nikachora namba hiyohiyo kwa kalamu ya rangi juu ya gamba, 001 hadi 200. Hakuna jina la mkulima wala namba ya simu ndani ya tagi. Yeyote mwenye kisomaji anaweza kuisoma, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 si ya makampuni makubwa peke yao. Tagi inajua namba ya mtungi, basi. Mengine yako kwenye laptopu.

20 Aprili. Ribiti

Fundi wa jua kali anatutoza shilingi 60 kwa mtungi. Onyo la kwanza: usitoboe ukuta wa mtungi. Tundu dogo ni makao ya vijidudu na mpimaji ataukataa mtungi. Tunatoboa kwenye bamba la mkono, nje ya mwili.

Mitungi 20 ya kwanza tuliiweka tagi upande wa nje wa bamba, mahali pa kuonekana, kama medali. Baada ya wiki moja, tagi sita zimepasuka. Nilipanda pikapu mwenyewe kutoka Turi hadi chamani ili nijue sababu, na kwenye matuta ya kwanza nikaijua: mitungi husuguana mikono kwa mikono, na kila tuta ni ngumi. Sasa tagi inakaa chini ya mkono, pale mtungi unapoanza kupungua kuelekea shingoni. Hapo hakuna kinachoigusa. Inasomeka mita mbili badala ya tatu, na zinatutosha.

Ribiti za kwanza zilikuwa za chuma cha kawaida, kwa sababu ndizo fundi alizokuwa nazo. Chuma juu ya alumini, na maji kila siku, ukachanua uchafu mweupe kuzunguka tundu. Tumezitoa zote, tumeweka ribiti za alumini. Jumla ya ribiti, za makosa na za sawasawa, 3,600.

4 Mei. Lango linaona kupita kiasi

Tumeweka lango la kusoma mitungi inapoingia: kisomaji cha ukutani na antena mbili, shilingi 94,000. Laptopu ya mtumba 18,000. Betri ya akiba 9,500, kwa sababu stima ikipotea asubuhi ndipo maziwa yanapoingia. Kila kinachosomwa kinahifadhiwa kwenye laptopu kwanza, na mtandao ukiwepo kinapanda juu. Hilo lilienda bila shida, silirefushi.

Asubuhi ya kwanza pikapu ya Elburgon ilileta mitungi 31. Lango likaandika 64.

Nilisimama pale na orodha nikatafuta mtungi mmojammoja. Kumi na nane ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, kwa mama wa kuosha. Mingine ilikuwa chini ya banda, mita saba, imepangwa tangu jana. Paa letu ni la mabati na nusu ya kuta ni mabati, kwa hiyo mawimbi yanadundadunda kama mpira kwenye chumba kitupu. Mbaya zaidi, ile 31 yenyewe haikutimia: minne ilikuwa katikati ya pikapu, imezungukwa na mingine pande zote, ikafichwa na wenzake.

Ajabu nyingine ilikuwa antena ya kulia kuona vizuri na ya kushoto kuwa kipofu. Kebo ya kushoto ilikuwa ndefu, mita 10, nyembamba ya RG-58 niliyoitoa mtaa wa Luthuli, Nairobi, kwa bei nzuri. Kwenye masafa haya kebo hiyo hupoteza karibu nusu desibeli kwa kila mita. Mita kumi, desibeli tano: zaidi ya theluthi mbili ya nguvu inaishia kupasha joto waya. Kebo hizo 3,200 zimekuwa za kuanikia nguo. Nene na fupi zaidi zilikuwa 11,500, na kisomaji tumekisogeza kikae katikati ya antena. Hilo la kukisogeza lingefanyika tangu mwanzo bila senti.

Na kisomaji kilikuja kimewekwa masafa ya Marekani, megahezi 902 hadi 928. Huku kwetu sehemu ya hapo ni ya simu za mkononi. Nimekihamishia 865 hadi 868.

25 Mei. Wavu wa kuku

Mambo matatu yamelituliza lango.

Kwanza nguvu. Kilikuwa kinarusha 30 dBm, yaani wati moja. Nimeshusha hadi 24, robo ya ile. Nilijua ni kinyume cha mantiki ya kila mtu aliyekuja kuangalia ("ongeza, ongeza!"), lakini lango si redio ya taifa. Lina kazi ya kuona hatua mbili tu.

Pili wavu. Fundi alipendekeza kuta za bati, nikaogopa kuongeza kioo kwenye nyumba ya vioo. Tukapigilia wavu wa kuku kwenye fremu za mbao upande wa mama wa kuosha, kutoka chini hadi juu. Wimbi la megahezi 866 lina urefu wa karibu sentimita 35, matundu ya wavu hayafiki sentimita tatu, kwa hiyo halipenyi kirahisi, na mama bado anaona nje na anapata hewa. Mbao na wavu 4,800. Kulikuwa na mzaha kwamba karani amefungua banda la kuku. Mitungi 18 ya upande wa pili ikawa miwili, na ile miwili ikaondoka nilipoinamisha antena kidogo kuelekea chini.

Tatu, hatusomi tena pikapu ikiwa imejaa. Tunasoma mtungi unaposhushwa. Hapa nilijifunza kitu kutoka kwa mpakuzi mzee ambaye hajui wala hataki kujua RFID. Mtungi uliojaa haubebwi. Unainamishwa kidogo na kubiringishwa kwa ukingo wa chini, mikono miwili shingoni, kama mtu anayezungusha usukani. Nilikuwa nahangaika kuwaambia vijana waelekeze tagi upande wa antena, maana mwili wa mtu nao ni maji na unaziba. Mzee akanikatiza: "Karani, si unazunguka wenyewe?" Mtungi una kipenyo cha karibu sentimita 35, mzunguko mmoja ni mita moja na kidogo. Lango nikalipanua liwe na urefu wa mita moja na nusu. Kila tagi sasa inapita mbele ya antena walau mara moja, na hakuna aliyeambiwa abadilishe chochote.

Wiki ya mwisho: mitungi 412 ilipita kwa kuhesabiwa na mtu, lango likaandika 409. Mitatu iliyokosa ilikuwa mitupu, imebebwa miwili miwili mkono kwa mkono. Mitupu itapita mmojammoja.

29 Juni. Kona ya Nakuru

Matunda ya kwanza, na ugomvi wa kwanza.

Tagi ziko kwenye mitungi iliyopo. Iliyopotea haina tagi, kwa hiyo nilitarajia tu kuzuia upotevu mpya. Lakini baada ya wiki tano orodha ilianza kusema. Mtungi ukienda Elburgon au Turi hurudi siku ileile. Ukiteremka Nakuru hurudi siku ya pili. Isipokuwa mteja mmoja: mitungi yake hurudi siku ya tisa, ya kumi, na si ileile iliyoenda pamoja.

Dereva wa Nakuru alipoiona orodha alikasirika. "Kwa hiyo mmeniwekea mpelelezi?" Kosa langu. Nilikuwa nimewaeleza wapakuzi, mama wa kuosha, hata mlinzi, na yeye nikamwacha kwa sababu hupita mbio alfajiri. Nikamwomba radhi mbele ya wengine, nikamwonyesha laptopu: hakuna jina lake popote, kuna namba ya mtungi, saa ya kutoka na saa ya kurudi. "Mzee, hii inakutetea," nikamwambia. "Mtungi ukibaki kwa mteja, si wewe utakayekatwa." Alinyamaza. Kesho yake akaniambia niende naye.

Nyuma ya kibanda cha huyo mteja kulikuwa na mitungi imepangwa ukutani, imefunikwa na gunia. Mteja hakuwa mwizi. Alikuwa akitumia mitungi yetu kama stoo yake ya maziwa ya jioni, na dereva aliyemtangulia wetu alimruhusu. Sita ilikuwa na tagi. Kumi na minne haikuwa nayo, lakini chini ya uchafu shingoni kulikuwa na kijani chetu, na alama ya chama iliyogongwa kwenye kitako. Tukaipakia yote. Dereva ndiye aliyeipata mingine mitano kwenye vituo viwili vya njiani, kwa kuuliza tu, sasa akiwa upande wangu.

Wa ishirini kati ya iliyopotea ulipatikana Elburgon chini ya mfereji wa paa, umejaa maji ya mvua, na bata wamekaa kando yake. Mama mwenye nyumba alisema alipewa. Tulimpelekea pipa la plastiki la lita 100. Hakuna aliyelipa faini.

Tarehe 25 haina kumbukumbu za Nakuru. Ilikuwa siku ya maandamano, dereva alikataa kuteremka mjini na sikumlaumu.

19 Julai. Pesa

Jumla hadi leo ni shilingi 278,010, na humo fundi amechukua 11,460 kwa mitungi 191. Pesa za makosa ya wazi, yaani tagi za karatasi, gundi, kebo nyembamba na tagi sita zilizopasuka, ni 11,190. Kisomaji cha mkononi sikihesabu kama kosa, ingawa sasa tunakitumia mara moja kwa wiki, tukienda vituoni.

Mitungi 20 iliyorudi, kwa bei ya mpya, ni 230,000. Bado hatujafidia, na mwenyekiti anajua hivyo kwa sababu nilimwambia kabla hajaniuliza. Mitungi 21 haijulikani iko wapi, na sidhani lango litairudisha yote. Tangu 25 Mei haujapotea mmoja.

Ukitaka kuiga kwa bei ndogo, anza na tagi za chuma na kisomaji cha mkononi peke yake, bila lango, umpe mtu mmoja kazi ya kusoma asubuhi na jioni. Kwa mitungi chini ya 60 ningefanya hivyo mimi mwenyewe.

Nimebakiwa na tagi tatu kwenye kasha. Mtungi namba 088 uko mjini siku ya nne, kwa mteja mpya. Dereva amesema ataupitia kesho kabla ya kupakia.